Sahani Mbili za Kijani

Kosa lilikuwa la binti mwenyewe, tena alilifanya kwa furaha. Alimtumia baba yake picha.

Baba mtu alikuwa fundi cherehani hodari hadi mikono yake ilipoanza kutetemeka, kama ya babu ilivyotetemeka kabla yake. Ugonjwa huo ulitoka kwenye jeni moja ya ukoo. Binti, mtaalamu wa maabara, alikuwa ameomba kipande cha ngozi ya mzee, kidogo kama punje ya mchele, na seli zake zikakuzwa kwenye sahani ndogo za maabara, ndani ya kabati la joto. Tangu hapo mzee hakuacha kuziulizia.

"Wajukuu zangu wameshakula?" alipiga simu kila asubuhi.

"Wameshiba kuliko mimi, baba."

Kisha seli hizo zikatiwa virusi. Vilikuwa vimeng'olewa meno, haviwezi kuzaana wala kudhuru. Kazi yao ilikuwa kubeba ujumbe mfupi hadi ndani ya seli, wa kuinyamazisha ile jeni. Vilibeba pia alama ya rangi, hivyo seli iliyovipokea huwaka kijani chini ya hadubini. Siku ya tatu seli za mzee ziliwaka, binti akapiga picha, akaituma. Hakumwambia kwamba sahani ya pili, ya kulinganishia, ambayo virusi vyake vilibeba ujumbe usio na maana yoyote, nayo iliwaka vilevile. Kijani kilisema tu kwamba mgeni amefika. Kama ametimiza alichotumwa, hilo lilisubiri vipimo.

Mzee naye, subira hana. Alimpigia simu shangazi, akatangaza kwamba dawa imepatikana. Akaifuta vumbi cherehani. Akatoa kabatini koti jeupe la kazi alilomkatia binti yake miaka miwili nyuma, akaliweka mezani, bado vipandevipande, halijashonwa.

Majibu yalitoka Ijumaa mchana. Kwenye sahani ya kulinganishia jeni ilikuwa inapiga kelele kama kawaida. Kwenye ile nyingine sauti yake ilishuka hadi robo. Wenzake wa maabara walimpigia binti makofi. Yeye alikwenda kujifungia stoo, akalia, maana alijua anakwenda kumvunja moyo mtu anayempenda kuliko wote.

Nyumbani alimkuta baba yake ameketi mbele ya cherehani, miwani puani. Hakumung'unya maneno.

"Baba, imenyamaza. Lakini ni kwenye sahani tu. Kutoka pale mpaka kwenye mwili wa mtu ni miaka mingi. Pengine..."

"Pengine mimi sitakuwepo," mzee akammalizia. Ilimuuma, na uso wake haukuficha. Kisha akacheka. "Shangazi yako atanisema mpaka nikome."

"Nisamehe, baba. Ile picha..."

"Ile picha siifuti. Wajukuu zangu wale. Hebu nione mikono yako."

Binti akainyoosha mbele yake. Hakuwahi kupima kama naye anayo jeni ile. Wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyewahi kuligusia. Mzee aliitazama mikono hiyo mmoja mmoja, bila haraka, kama anayekagua mshono wa mteja msumbufu.

"Imetulia," alisema. Akasimama kwa shida, akampisha kiti. "Kaa hapa. Mimi nitakuelekeza, wewe utashona. Tulimalize upesi hili koti, mwanangu, urudi kazini."