Mgomba wa Sufiani

Asubuhi ile Bi Mwaisha aliweka bakuli la uji mbele ya mlango wa chumba cha mwanawe, akagonga mara mbili, akaondoka bila kusubiri. Ndivyo walivyoishi kwa miezi mitatu. Uji uliingia, bakuli likatoka limefutwa vizuri, kijiko kimelazwa juu yake kama alivyomfundisha utotoni. Kabla ya kukiosha kile kijiko, Bi Mwaisha alikuwa akikishika kwanza kiganjani.

Mwanawe, Meja Sufiani, alikuwa rubani wa helikopta ya jeshi. Mwaka jana, vitani Kongo, askari kumi na tisa walizingirwa juu ya kilima, wengi wao majeruhi. Sufiani na mwenzake, Kapteni Gervas, waliwafuata mara mbili katikati ya risasi wakawatoa kumi na watano. Mara ya tatu helikopta ilishatobolewa, haikuweza tena kubeba watu. Wakairusha hivyohivyo, chinichini juu ya vichwa vya adui, ili wapigwe wao wakati wale wanne wa mwisho wanavuka mto kwa miguu. Wote kumi na tisa wako hai mpaka leo.

Helikopta ikaangukia msituni. Sufiani alibanwa miguu chini ya vyuma siku nne. Gervas alikuwa upande wa pili wa vyuma vilevile. Walisikiana, hawakuweza kugusana. Siku ya tatu Gervas alinyamaza. Wachoma mkaa ndio waliomfukua Sufiani, wakamlaza katika zahanati yao ndogo, na kwa wiki saba hakujua hata jina lake.

Huku nyumbani Bigwa zilifika habari kwamba hakupona mtu. Kwa desturi ya ukoo wao, mtu aliyepotea bila mwili huzikiwa mgomba, na wanaouzika ni watani. Bi Mwaisha mwenyewe aliuchagua shambani, uliolingana na mwanawe kwa urefu. Ukafungwa sanda, ukalazwa nyuma ya nyumba penye makaburi ya wazee. Shehe alikohoa akatazama pembeni, lakini alibaki mpaka mwisho, na wema ule Bi Mwaisha hakuusahau.

Kisha Sufiani akarudi na fimbo mkononi. Dirisha la chumba chake lilitazama kaburi lake. Alilitazama jioni nzima, akafunga mlango.

"Mmeshanizika, mama," alisema kutoka ndani. "Hamkukosea. Niacheni."

Nishani ililetwa nyumbani katika kisanduku cha buluu. Aliipokea kwa mkono mmoja mlangoni, akaisukuma chini ya kitanda bila kuifungua.

Siku hiyo alikuwa anakuja Christina, mjane wa Gervas. Alisafiri kutoka Mbeya, akalala mjini, na basi lake la kurudi lilikuwa saa nane mchana. Alitaka jambo moja tu, kusikia kwa kinywa cha Sufiani jinsi mumewe alivyomaliza siku zake. "Akikataa nitaelewa, mama," alisema kwenye simu. "Ila kuja mara ya pili sitaweza."

Bi Mwaisha alikuwa amembembeleza mwanawe tangu Alhamisi.

"Nitamwambia nini?" alijibu Sufiani. "Kwamba mimi nilikuwa napumua na yeye hapumui?"

Basi bibi wa watu akajitanda kanga, akapanda mlimani kwa Mzee Dadi, mtani aliyeongoza maziko yale. Alimkuta anapalilia.

"Kumbe kwangu unakujua," alisema Dadi. "Miezi mitatu unapita hapa mbiombio kama umeniibia kuku."

"Nilikuonea haya, mtani. Nani aliwahi kusikia mtu anafukuliwa akiwa hai? Nilidhani tukinyamaza litapita."

"Litapiteje na kamba za sanda nilifunga mimi? Ungeniita siku ileile aliyorudi." Alikung'uta udongo kwenye jembe. "Mmemweka mtoto sehemu mbili. Halafu mnashangaa hatembei."

Walipofika, Dadi alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Marehemu, shikamoo."

Akaegemea jembe lake.

"Nasikia siku hizi unakula uji. Maiti wa wapi wewe? Wenzako wamelala hapa nyuma miaka na miaka, sijasikia hata mmoja amedai sukari. Mimi nilikulilia mpaka sauti ikakauka, mke wangu akadhani nimeugua. Nirudishie machozi yangu. Na mabega yaliniuma wiki nzima. Mgomba ule ulikuwa mzito, bwana. Ulivyokonda sasa ningekubeba kwa mkono mmoja, huu mwingine nashika kiko."

Bi Mwaisha alisikia chumbani kitu kama kikohozi, labda cheko lililokosa njia. Kikakatika. Mlango haukufunguka, na jua lilikuwa limeshapanda.

Dadi akaacha maneno, akaanza kulichimba kaburi la mgomba. Jembe liliingia, likatoka, likaingia. Udongo ulikuwa laini. Bi Mwaisha alisimama katikati ya ua, jicho moja kaburini, jingine mlangoni. Kisha jembe likagota kitu kwa sauti nzito ya chini.

Ndani kitanda kililia.

"Acha jembe," ilisema sauti ya Sufiani. "Utamkata."

Dadi akalisimamisha jembe hewani. Komeo likavutwa. Sufiani akatoka peku, bila fimbo, akishikilia ukuta na baada ya ukuta akishikilia hewa tu, macho yamefinywa kwa mwanga. Aliingia shimoni kwa magoti, akaanza kufukua kwa mikono yake yenye makovu ya moto.

"Taratibu," alisema. "Kichwa kiko upande huu. Msikanyage huku."

Dadi alimtazama Bi Mwaisha. Maneno ya utani yalikuwa mdomoni, Bi Mwaisha aliyaona, na alimwona akiyameza. Mzee aliweka jembe kando, akapiga magoti akafukua naye kwa mikono, upande wa miguuni.

Ndivyo Christina alivyowakuta. Aliingia uani na kikapu chake, akaona wanaume wawili wenye matope wanainua mgomba uliooza, umeviringishwa sanda iliyogeuka rangi. Hakuuliza. Alivua viatu, akaviweka pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetukuta hivi tulivyo."

Sufiani aliinua uso akamjua. Akaangalia mlango wa chumba ulioachwa wazi, na Bi Mwaisha akaona mguu wake mbovu ukigeukia huko. Lakini mgomba ulikuwa mikononi mwake, na upande wa pili ulikuwa umeshikwa na mtu mzima anayehema. Asingeweza kuuachia. Wakautoa pamoja, wakaulaza kwenye nyasi.

Christina alichota maji kwenye ndoo kwa kata. Akachuchumaa, akamimina polepole juu ya mikono ya Sufiani, kovu kwa kovu, mpaka matope yakaisha.

"Alikuwa anasikia mapanga ya helikopta," alisema Sufiani. "Siku ile ya mwisho. Aliniambia, wanakuja, sikiliza. Hapakuwa na mtu. Nikamwambia ndiyo, nawasikia. Nilimdanganya."

"Akasemaje?"

"Akafurahi. Akaanza mambo ya nyumbani. Alisema mlango wa jikoni hakuutengeneza, na alikuahidi. Akasema mwambie Christina anisamehe mlango."

Christina alishika kata, maji yakamwagikia kanga yake.

"Haufungi mpaka leo," alisema. "Naufunga kwa kamba." Na hapo akacheka, na cheko lilelile likageuka kilio, na Bi Mwaisha akamsogelea akamshika kiuno asianguke.

Waliketi mkekani mpaka saa saba na nusu. Sufiani alisimulia siku zote nne, polepole, mgongo ukutani. Mara tatu aliutazama mlango wa chumba chake. Ilipofika ya nne, Bi Mwaisha alinyanyuka, akauvuta ukafungwa kutoka nje, akarudi kukaa kana kwamba alikwenda kufukuza kuku.

Dadi alikuwa ameshafukia shimo.

"Nasubiri jogoo wangu," alisema. "Kuzika ni bure. Kufukua nadai."

"Yupo kule bandani," alisema Sufiani.

"Mimi mzee. Nani atamkimbiza?"

Sufiani alijivuta kutoka ukutani. Kisha akaomba fimbo yake.