Nyuma ya Gauni la Nesi

Mzee wa Soli, fundi viatu wa mlango unaofuata wetu, anaapa kwamba Nesi alitoka dukani kwetu akitembea kinyumenyume mchana kweupe, mpaka mwisho wa mtaa, kwa sababu gauni alilovaa halikuwa na mgongo. Anasema Fundi wangu alijikatia kilemba kwenye kitambaa cha mteja, kikapungua, kisha akamdanganya mwenyewe kwamba huo ndio mtindo wa siku hizi. Anasimulia huku misumari imemjaa mdomoni, na kila akikaribia neno "mgongo" anaitema yote kiganjani ili mtu asije akakosa kusikia.

Kilemba ni uongo. Kitambaa kilitosha na kikabaki. Kilichopungua ni picha.

Najua kwa sababu nilikuwepo. Nilipomaliza darasa la saba Fundi alinichukua nimsaidie, na mpaka leo kazi yangu ni kukunja pindo, kushona vifungo na kupiga pasi. Kiti changu kiko pale penye pasi. Ukikaa pale unamwona kila anayeingia, na wao hawakuoni, maana mvuke unakuficha.

Nesi aliingia na mkwe wake, mume wa binti yake. Alistaafu zamani, lakini jina lilikataa kustaafu naye. Mkwe ni kijana wa ofisini, shati limenyooka, na siku hiyo alikuwa ameishika simu yake kwa mikono miwili kama amebeba uji wa moto.

"Fundi, mdogo wangu ameniandikia," Nesi akasema, hata salamu hajamaliza. "Ameniandikia mwenyewe!"

Fundi akasimamisha cherehani. Mtaa mzima ulijua kwamba Nesi na mdogo wake anayeishi ng'ambo hawakuwa wakisemeshana tangu msiba wa mama yao. Kisa kilikuwa mapazia ya nyumba yake. Sasa binti wa kaka yao alikuwa anaolewa, na mdogo mtu ndiye aliyeanza kuvunja kimya, kwa barua pepe iliyopitia kwa mkwe, kwa sababu simu ya Nesi ni ya kupiga na kupokea tu.

"Soma, mwanangu."

Mkwe akakohoa. "Dada, mimi na wewe ndio mashangazi wa bibi harusi. Naomba tuvae sare. Gauni ni hili hapa chini. Mbele yake hata mtoto anashona. Liangalie nyuma, dada. Raha yake yote iko nyuma."

Chini ya maneno hayo kulikuwa na picha, imekaa katikati ya barua yenyewe. Mwanamke asiye na kichwa amevaa gauni la rangi ya zambarau, na anazunguka. Hakuna anayemgusa, anazunguka tu. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, kwa hiyo alikuwa anageuka kidogo, anasimama, anafikiri, halafu anaruka mpaka upande wa pili. Tulijazana juu ya kile kioo kidogo vichwa vikigongana.

"Mjibu," Nesi akamwambia mkwe pale pale, macho yamemlowa. "Andika: nimeliona, nimelielewa, mpaka nyuma."

Mkwe akaandika, akatuma.

Fundi ana utaratibu wake. Hashoni kwa kuambiwa, anashona kwa kutazama ukutani. Kila kazi picha yake hubandikwa juu ya cherehani, naye huinua macho, hushusha mguu, huinua tena. Akasema, "Ihifadhi hiyo picha, ukaichapishe hapo ng'ambo ya barabara, mniletee." Mkwe akaibonyeza picha kwa kidole muda mrefu, simu ikamwambia imehifadhiwa. Akavuka barabara, akarudi na karatasi ya rangi, nzuri, bado ya moto. Fundi akaibandika. Nesi akaondoka anaimba.

Fundi huanza na mbele. Baada ya siku kadhaa, mbele ikaisha, imetulia kifuani kama maji kwenye beseni. Akainua macho aanze nyuma. Akayainua tena. Akasimama, akabandua karatasi ukutani, akaigeuza.

Upande wa pili ulikuwa mweupe.

"We binti," akaniita taratibu, "nyuma iko wapi?"

Mkwe alikuja saa ya chakula cha mchana. Akafungua picha kwenye simu yake. Mwanamke wetu amesimama, katutazama, hatikisiki.

"Mbona hazunguki?" Fundi akauliza.

"Ndani ya barua alikuwa anazunguka. Nimemhifadhi, amesimama."

"Amechoka?"

"Sijui, Fundi. Nadhani simu imechukua mwanzo wake tu. Nilibonyeza mara nyingi siku ile, ngoja." Akapitisha kidole. Mbele. Mbele nyingine. Mbele tena. Alikuwa amehifadhi mbele za kuvalisha kwaya nzima.

"Basi fungua barua yenyewe."

Hapo mkwe akaanza kutafuta kitu sakafuni kwa macho. "Sanduku la barua lilikuwa limejaa," akasema. "Nikafuta barua za zamani. Na kwenye taka nako nikafuta. Nilijua tumeshaihifadhi."

Nesi akaitwa. Fundi alimkalisha kwanza, akampa maji, ndipo akamweleza. Nesi aliyanywa yote bila kupumua.

"Mwandikie tu aitume tena, dada," Fundi akasema. "Kuna ubaya gani?"

"Nimwandikie nini? Nimeshasema nimelielewa mpaka nyuma! Wewe humjui yule. Tangu tuko wadogo ananiambia mimi naangalia vitu kama mtu anayepita. Hata mapazia yale, alisema sikuyaangalia. Leo amenyoosha mkono, ameniambia kitu kimoja tu, liangalie nyuma. Nikimuuliza nyuma ikoje, atajua sikumsikiliza. Atanyamaza tena, na safari hii mimi nitazikwa hajasema neno."

Hata pasi yangu niliiinua isipige kelele.

"Haya," Fundi akasema, akachukua chaki. "Tuliokuwepo tuseme tulichokiona."

"Vifungo," Nesi akadakia. "Vidogo, vimevishwa kitambaa, kutoka shingoni mpaka kiunoni. Mimi nimeshona vidonda vya watu maisha yangu yote, vifungo vitanipita?"

"Dada, palikuwa na utepe," Fundi akasema. "Hapa kiunoni, umefungwa kipepeo kikubwa."

"Kipepeo hakikuwepo."

"Kilikuwepo, na mabawa yake!" Fundi akamgeukia mkwe. "Na wewe, mwenye simu?"

"Mimi nilikuwa naangalia chaji."

"Muda wote?"

"Fundi, lile lilikuwa umbo la mwanamke. Na pembeni yangu yupo mama mkwe. Ningetazama wapi?"

"Heshima yako itanimaliza mimi," Nesi akasema.

"Mgongo ulikuwa wazi!" ikatokea sauti mlangoni. Mzee wa Soli, na kiatu cha mtu mkononi. "Wazi kabisa, mpaka hapa." Akajigusa mahali ambapo sitapaandika.

"Wewe uliliona saa ngapi?" Fundi akamuuliza.

"Nilikuja kuazima sindano."

"Sindano ya nguo, ushonee buti?"

Mzee akakichunguza kile kiatu kwa makini sana.

Fundi akanigeukia mimi. "Na wewe, usiyepitwa na kitu?"

"Nilikuwa nimesimama nyuma yako," nikasema. "Gauni lilipogeuka, nilichoona ni kisogo chako."

"Kikoje?"

"Kina uzi."

Akapapasa, akautoa.

Sasa ufanyeje? Fundi alishona ushahidi wote. Vifungo vya Nesi vikashuka kutoka shingoni. Vilipofika katikati vikakuta dirisha la Mzee wa Soli, ambalo Fundi aliliziba kwa wavu wa rangi ya ngozi, ili liwe wazi na lisiwe wazi. Chini ya dirisha kikakaa kipepeo. Mimi nilivishona vile vifungo kimoja kimoja, na ninakwambia kazi ilikuwa safi, lakini ukiutazama ule mgongo wote kwa pamoja ulikuwa kama kabati la vyombo.

Nesi alijaribu, akajiangalia kwenye kioo kwa kupindisha shingo. "Nitavaa na mtandio," akasema.

Kinyumenyume alitembea kweli. Hakutaka Mzee wa Soli apate la kusema, kwa hiyo alimuaga huku kamkabili, akirudi nyuma nyuma na kumuuliza hali ya miguu yake, mpaka kwenye gari la mkwe. Si mwisho wa mtaa.

Siku ya harusi Nesi alinichukua nimbebee pini na uzi, endapo kitu kitaachia. Tukaingiza vitu vyetu katika chumba cha kuvalia, na mdogo wake akatokea mlangoni. Zambarau kwa zambarau. Mbele ni ile ile, mkunjo kwa mkunjo. Naye kajifunga mtandio.

Walikimbiliana, wakafika, wakasita. Ukimkumbatia mtu, mikono yako huenda mgongoni kwake, na yake huja kwako. Wakashikana mabega. Wakalia hivyo hivyo, wameachana kwa urefu wa mikono, kama watu wanaopima pazia.

Nesi alipoitwa kwa bibi harusi, akatoka ubavuubavu. Mdogo wake akanivuta kwenye kona.

"Mwanangu, una pini?"

Akafungua mtandio. Nyuma ya gauni lake ilikuwa kipande cha shuka, cheupe, chenye maua.

"Nililiagiza kwa kutazama picha ile ile," akanong'ona. "Likaja dogo, halikukutana mgongoni. Nikapasua nyuma yote nikatia hiki. Tafadhali, dada asijue. Aliniandikia amelielewa mpaka nyuma. Akiona shuka, atasema nimemchezea."

Nikambana pini, na sikuweza kujizuia. "Shangazi, hiyo nyuma uliyoitoa ilikuwaje?"

"Sikumbuki. Nilikuwa nalia, niiangalie saa ngapi?"

Nesi akarudi, mgongo kwa ukuta. Wakakaa kwenye benchi, migongo yote ukutani, mikono imeshikana, wakaongea kama redio mbili: mama yao, kaka yao, nani amenenepa, nani amekufa. Yale mapazia nayo yakatajwa, wakayacheka. Sijapata kumwona Nesi akicheka vile.

Halafu bibi harusi akachungulia. "Mashangazi zangu, mniongoze ukumbini. Mtangulie mbele yangu, na mitandio muiache hapa. Nataka watu waione sare."

Akaondoka. Nesi akauangalia mtandio wake, akauangalia wa mdogo wake. Akaanza kulifungua fundo lake.

"Mdogo wangu," akasema, "chochote utakachokiona mgongoni kwangu leo, tuendelee kuongea. Unasikia? Niahidi."

Muziki ukaanza kule ukumbini. Mdogo wake alikuwa amenikodolea macho mimi, mkono wake uko nyuma, unazihesabu pini.