Mama Alishika Nini Mkononi

"Hivi wewe jirani, watoto wa watu unawafundisha kusoma au kupaka rangi?"

Swali hilo jirani alilitupa siku moja juu ya ua, akianika nguo. Mwalimu wa chekechea hakununa. "Mama wee, maneno hata kasuku anayatamka," alimjibu. "Mimi nataka nijue kilichoingia sikioni kama kimefika."

Na ndivyo alivyofundisha, sebuleni kwake. Alisoma hadithi mara mbili, akafunga kitabu, watoto wakalala kifudifudi mkekani na vipande vya rangi, wakachora walichosikia. Kisha kila mmoja alisimama na karatasi yake, akaulizwa: huyu nani, yuko wapi, ameshika nini mkononi? Kisichokuwamo kwenye hadithi kilifutwa. Michoro miwili ikipingana, darasa zima lilipaza sauti, "Turudi kitabuni!" na kitabu kikafunguliwa.

Wiki ile walisoma habari za kuku aliyenyeshewa. Kitoto kimoja kikamchora kuku na mwamvuli.

"Mwamvuli umeutoa wapi, mwanangu?"

"Nimemwonea huruma, mwalimu."

"Huruma ni yako, mvua ni ya kuku. Futa."

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliyekaa kimya ni Kidoti, mjukuu wa mwalimu, mwenye alama nyeusi shavuni. Yeye alikuwa ameanza kuulizia mama yake.

Mama huyo, binti pekee wa mwalimu, aliingia hospitali kwa miguu yake na akatoka kwa kubebwa. Siku zile za msiba mtoto alipelekwa kwa shangazi yake. Hakuona jeneza wala kaburi. Kabla hajarudishwa, baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, alimfuata mkwewe jikoni.

"Mama, Kidoti aambiwe mama yake amesafiri. Bado mdogo mno."

"Baba, uongo hauna miguu."

"Hata kama hauna. Mimi mwenyewe sijaweza kulisema neno hilo, yeye atalibeba vipi? Nakuheshimu, mama, lakini siku utakayomwambia, namchukua nampeleka kwa dada yangu moja kwa moja."

Mume mwalimu alishamzika, na sasa binti. Kilichobaki ndani ya nyumba ile cha kumwita bibi kilikuwa kimoja tu. Alikubali. Usiku alipiga magoti akaomba msamaha kwa Mungu hata kabla ya kukosa.

Basi Kidoti alipouliza, aliambiwa mama amesafiri. Mtoto hakulia. Alikwenda kuchukua karatasi.

"Alipanda nini, bibi?"

"Basi."

"Alishika nini mkononi?"

"Mkoba wake wa bluu."

Akachora basi, akachora na mkoba. Jioni baba alipoingia na harufu yake ya chuma kilichoungua, akaulizwa yale yale. Naye hakujua la mwenzake. Akasema gari dogo, akasema sanduku jekundu. Kidoti akachora vilevile alivyosikia.

Kesho yake mchana, watoto wengine walipokwisha kuondoka, aliitandaza michoro yote miwili mbele ya bibi yake.

"Haifanani," alisema. "Na mkoba wa bluu unaning'inia nyuma ya mlango. Bibi, turudi kitabuni."

Mwalimu aliitazama michoro ile. Magurudumu yalikuwa yamezungushwa vizuri. Watu dirishani walikuwa na macho. Mtoto alikuwa amefanya kila alichofundishwa, na waliokosea walikuwa wakubwa wawili.

"Kitabu hakipo, mjukuu wangu."

"Basi wewe ulisikia kwa nani?"

Mwalimu aliketi chini mkekani, akamvuta mtoto karibu.

"Sikusikia kwa mtu. Nilikuwepo. Mama yako aliugua sana, Kidoti. Madaktari walihangaika naye, na sisi tuliomba. Hakusafiri. Alikufa, tukamzika. Harudi tena."

Kidoti alikaa akimtazama mdomo, kama anayesubiri asomewe mara ya pili. Mwalimu akarudia yote, neno kwa neno.

"Alishika nini mkononi?" mtoto aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi. Alinishika mimi."

Ndipo kilio kilipotoka, cha mtoto na cha mtu mzima, hakuna aliyembembeleza mwenzake. Kilipopungua, Kidoti alichukua rangi ya kahawia, akaanza kuchora mikono, vidole vyote, kimoja kimoja.

Baba aliwakuta hivyo, miwani ya kazi bado ipo kwenye paji la uso. Mtoto hakuinua kichwa.

"Baba, mama alikufa. Gari halikuwepo."

Fundi alishika fremu ya mlango. "Umemwambia."

"Nimemwambia, baba. Kaa nawe ulie, hapa si ugenini."

Fundi alipiga hatua moja kuelekea mkekani. Mwalimu alidhani atakaa. Lakini alipita chumbani, zikasikika droo zikifunguliwa na kufungwa, akatoka na mfuko wa nguo za mtoto.

"Mwache amalize mkono huu mmoja tu," mwalimu alisihi. "Mkwe wangu, nakuomba."

Fundi aliinama, akamnyanyua Kidoti na rangi yake kiganjani, akamlaza begani, akatoka naye.