Tovuti ya Pili ya Mbegu za Kaswera

Vagheni hakusalimia. Aliingia dukani, akaweka mfuko juu ya meza, akaufungua na kumwaga maharagwe mbele ya Emérence.

"Mama Kaswera, hii maharagi yako ilikwisha kufa," alisema. "Nilipanda shamba muzima. Kumeota majani ya pori tu."

Emérence Kaswera alikuwa na duka dogo la mbegu mjini Butembo, upande wa Rughenda. Mbegu zenyewe zilitoka Alimbongo, katika mashamba ya jirani zake, ambako baridi huwafukuza wadudu. Alikuwa amesomea kilimo chuoni na alifanya kazi kwa utaratibu mmoja. Kabla ya kuuza gunia, alifunga punje chache katika kitambaa chenye maji na kusubiri. Zisipoota, gunia zima lilipelekwa jikoni. Wateja walijua hivyo, na ndiyo sababu walilitamka jina la Kaswera kama watu wanavyotamka jina la daktari mzuri.

Aliokota punje moja. Iling'aa kupita kiasi. Aliinusa, ikanuka mafuta ya kupikia. Alipoigeuza aliona tundu la mdudu.

"Papa, hii hapana yangu. Hii ni maharagi ya kula, tena ya zamani. Wameipakala mafuta."

"Hapana yako?" Vagheni alitoa simu mfukoni. "Na huyu mwenye kucheka humu ndani ni nani? Pacha yako? Batu ku Beni balijua hiyo sura, balinituma hapa."

Emérence aliitazama simu. Ilikuwa tovuti yake, na haikuwa yake. Picha ya mama yake akipeta maharagwe ilikuwa pale. Picha yake mwenyewe akiwa mlangoni mwa duka ilikuwa pale, imekatwa ili kibao cha Butembo kisionekane. Maelezo ya kitambaa chenye maji yalikuwa pale, neno kwa neno, kama alivyoyaandika mwenyewe jioni nyingi mfululizo. Juu kabisa palisomeka "Mbegu za Kaswera". Ni namba ya simu tu iliyokuwa ngeni, pamoja na mahali pa kuchukulia mzigo: Beni, karibu na soko.

Alishuka hadi mwisho wa ukurasa. Pale alikuta aya aliyoiandika kwa shida kuliko zote: "Baba yetu, Nzanzu, aliuawa karibu na Eringeti akienda kupanda. Kwa ajili yake hatumuuzii mtu yeyote mbegu ambayo sisi wenyewe tusingeipanda."

Mwizi alikuwa ameichukua na hiyo.

Emérence aliiweka simu mezani polepole, kwa sababu vinginevyo angeitupa.

"Ulipandia wapi, Papa?"

"Kwetu, Eringeti. Tulikimbilia Beni na batoto. Basoda balitusindikiza siku moja, tupande, turudi. Siku moja tu, Mama! Jirani yangu alibakia kule kule mu shamba, waasi balimupata. Mimi nilirudi nikasema, si kitu, angalau maharagi iko mu udongo." Aliyasukuma maharagwe kwa kidole. "Sasa uniambie, niende tena?"

Hasira iliyobaki machoni mwa Vagheni ilikuwa imeanza kutafuta mtu mwingine.

"Na wengine walionunua?" Emérence aliuliza.

"Beko bengi. Kesho asubuhi kuna convoy. Basoda banasindikiza kundi lingine. Kila mutu na mufuko yake ya Kaswera."

Hapo jambo likawa wazi. Kesho, katika msafara wa wanajeshi, watu wangeyaweka maisha yao rehani ili kufukia ardhini chakula kisichoota, na wangefanya hivyo kwa kuliamini jina lake. Emérence alifunga duka. Walipata gari la kwenda Beni kabla ya saa sita.

Depo, mahali pale pa kuchukulia mzigo, ilikuwa chumba kimoja cha mbao. Mzee mmoja aliyeketi mlangoni aliwasalimia kwa Kinande na kuwauliza habari za barabara. Ndani, kijana mwenye shati lililopigwa pasi alikuwa akishona midomo ya mifuko. Jina lake lilikuwa Zorobabel. Alimtambua Emérence mara moja. Ilikuwa lazima amtambue, kwa kuwa alikuwa ameitazama picha yake kila siku.

"Karibu, yaya," alisema bila aibu, akimwita dada mkubwa. "Umefika kwa mdogo wako."

"Ondoa picha zangu. Ondoa maneno yangu. Ondoa jina langu. Halafu wapigie simu wote uliowauzia uwaambie wasipande."

"Polepole, yaya. Jina gani lako?"

"Kaswera."

Zorobabel alicheka kweli, kicheko cha mtu aliyekwisha kulifikiria swali hilo. "Mama yangu ni Kaswera. Dada ya bibi yangu ni Kaswera. Simama pale njiani upige kelele 'Kaswera!' uone ngapi batageuka. Wewe ulinunua hiyo jina wapi?"

Na hapo ndipo palipouma, maana hakudanganya. Wanande huwapa watoto majina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa, na Kaswera ni moja ya majina hayo. Hakuna kilima kisicho na Kaswera wake. Emérence alipoandikisha biashara yake hakuongeza neno lolote, kwa sababu kilimani kwao ukisema Kaswera wa mbegu, kila mtu anajua unakwenda nyumba gani. Hakukumbuka kwamba tovuti haina kilima.

"Na sura yangu?" aliuliza. "Nayo ni ya bibi yako?"

"Picha iko ku internet. Kitu cha internet ni cha kila mutu."

"Basi twende kwa wakubwa," alisema Vagheni. "Utabaelezea hiyo masomo yako."

"Twende," alijibu Zorobabel, akachukua koti. "Mimi niogope nini?"

Ulikuwa mwaka wa état de siège. Serikali ilikuwa imekabidhi utawala wa jimbo kwa wanajeshi na polisi, na kesi za jinai zilipelekwa kwa mahakimu wenye sare. Kwa hiyo kesi ya picha na maharagwe ilifika mbele ya Kapteni Mukendi, mtu wa Kasai aliyehamishiwa Beni. Ukutani pake palikuwa na ramani ya vijiji vilivyoshambuliwa. Kwenye benchi la nje walisubiri wanawake waliokuja kuandikisha ndugu zao waliouawa.

Kapteni alimsikiliza Emérence mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akajipangusa uso, akajibu kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa.

"Maman, nakuelewa. Mais ona hii ramani. Mimi niko na batu ya kuzika hapa kila juma. Wewe unaniletea maharagi na site."

"Nakuletea watu watakaokufa kesho, mon capitaine. Wanakwenda kupanda kitu ambacho hakiwezi kuota. Nani atawajibika?"

"Mimi ninauza maharagi," alidakia Zorobabel. "Ikikataa kuota, ni mvua. Na jina ni ya mama yangu."

"Iko kweli hiyo jina ni ya mama yake?" Kapteni alimuuliza Emérence.

"Ni kweli. Ni jina la wengi."

Kapteni alitazama nje kupitia dirishani. Labda alitaka kuhakikisha, labda alitaka tu kupumzika dakika moja. Aliita, "Kaswera!"

Wanawake watatu waliinuka kwenye benchi. Mmoja alianza kuja na karatasi zake, akidhani zamu yake imefika.

"Pardon, Maman, bado kidogo," alisema Kapteni. Zorobabel alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja. Vagheni alisonya kwa nguvu.

"Unaona, Maman," Kapteni alisema. "Kwa jina, uende ku registre de commerce, kule banaandikisha biashara, uongeze jina yako ingine, ulinde hiyo. Kwa maneno na picha kuna sheria ya mwandishi, mais inataka kesi, inataka avocat, inataka wakati. Leo mimi nitamuadhibu kwa nini?"

Emérence alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Alichagua mbegu, alizijaribu, aliandika ukweli. Mtu mwingine alinakili yote kwa vidole viwili, na sasa yeye ndiye aliyetakiwa kwenda kutafuta wakili. Alisukuma simu ya Vagheni mbele ya Kapteni.

"Basi usome. Usome yote, mon capitaine, mpaka chini. Halafu usome yangu. Kama utapata tofauti ya neno moja, nitarudi Butembo sasa hivi."

Kapteni alisoma. Alisoma taratibu, kama anavyosoma ushahidi, akiitazama simu ya Vagheni kisha ya Emérence. Alipofika mwisho wa ukurasa aliisoma aya ya baba mara mbili. Alipoinua kichwa alimtazama Zorobabel, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Baba yako aliuawa?"

"Mon capitaine?"

"Umeandika hapa. 'Baba yetu, Nzanzu, aliuawa karibu na Eringeti akienda kupanda.' Baba yako anaitwa Nzanzu?"

"Ndiyo. Nzanzu. Mais..."

"Donc ni yeye. Hii ni kazi yangu." Alivuta karatasi nyeupe. "Pole sana, mundugu. Tutaandika déclaration ya kifo. Alikufa mwezi gani? Nani aliona? Mulimuzika wapi?"

Nzanzu nalo ni jina la zamu ya kuzaliwa, kama Kaswera, na baba wa Zorobabel alikuwa nalo. Mzee huyo, ambaye Vagheni alimjua tangu siku aliyochukua mfuko wake, alikuwa ameketi kwenye mlango wa depo, mita chache kutoka sokoni, akiwauliza wapita njia habari za barabara. Kijana yule hakuisoma aya ile vizuri alipoinakili. Katika miaka ile, kila familia ya Beni ilikuwa na aya ya namna hiyo. Aliiona kama mapambo ya kawaida ya ukurasa, kitu kinachomfanya mnunuzi aamini.

"Tunaanza," alisema Kapteni. "Mimi, jina lako, natangaza ya kwamba baba yangu amekufa. Utatia sahihi hapa. Halafu tutaita ba shahidi."

"Sema," Vagheni alimhimiza. "Sema kwa mdomo wako. 'Baba yangu amekufa.' Nitakwenda kumwambia mimi mwenyewe, pale mulangoni."

"Papa, tafadhali!" Zorobabel alisema. Mtu anaweza kudanganya juu ya maharagwe, juu ya mvua, juu ya internet. Kumzika baba aliye hai mbele ya mwanajeshi, na kutia sahihi, lilikuwa jambo jingine kabisa. "Baba yangu hakufa, mon capitaine. Iko muzima."

"Donc huyu aliyekufa ni baba ya nani?"

"Ni wangu," alisema Emérence.

Kapteni alirudisha karatasi mahali pake. "Umechukua mufu wa mutu, ukamuweka ku biashara yako. Kwa hiyo nitakulaza hapa hapa, sheria nitaitafuta kesho. Ao ufute hii kitu sasa, mbele yangu."

Zorobabel alikwisha kuitoa simu yake. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe.

"Hapana," alisema Emérence. "Asifute."

Wote walimgeukia.

"Aondoe baba yangu. Aondoe mama yangu na mimi. Ukurasa ubaki. Watu wa kesho wataufungua huo huo, hawaujui wangu. Aandike juu kabisa kwamba maharagwe aliyouza ni ya kula, si ya kupanda, na kwamba anamrudishia kila mtu fedha zake. Kisha ampigie simu kila aliyenunua, hapa hapa, kwa sauti ya wazi, tusikie sote."

"Kila mutu?" Zorobabel aliuliza.

"Unazo namba zao. Uliwauzia kwa jina langu."

Kapteni alimwonyesha kijana kiti. Wale wanawake watatu walikuwa wamesogea mpaka dirishani.

Simu ya kwanza ilipokelewa na mwanamume aliyemtukana Zorobabel kwa Kinande, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kilingala, ili kisipotee kitu. Ya pili ilipokelewa na mwanamke. Alisikiliza hadi mwisho.

"Donc haya si ya Kaswera?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Kaswera wa kweli iko hapa."

Emérence aliichukua simu. "Mama, ni mimi. Usiende kesho na hiyo mbegu. Njoo Butembo, utapata ile niliyoijaribu mwenyewe."

Nyuma ya sauti ya mwanamke watoto walikuwa wakigombania kitu.

"Yule aliyeniuzia naye alisema ni Kaswera," alisema yule mwanamke. "Na wewe unasema ni Kaswera. Mimi nitajua je?"

Emérence alikuwa na picha, lakini picha zilikuwa zimeibwa. Alikuwa na maneno, lakini maneno yalikuwa yametumika. Hata baba yake aliyekufa alikuwa amekwisha kutumiwa kumdanganya mwanamke huyu.

"Hutajua, Mama," alisema. "Ila usiende kupanda. Funga punje chache katika kitambaa chenye maji, usubiri. Usiniamini mimi. Amini kitambaa."

"Convoy ni kesho."

"Ninajua."

Simu ilikatika. Haikujulikana kama mwanamke yule ameelewa au amekasirika. Emérence aliirudisha simu mezani mbele ya Zorobabel.

"Mwingine," alisema. "Piga."