Rambirambi za Dina

Ijumaa hiyo Idrisa aliwahi kutoka msikitini, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Ofisi ya utafiti wa madini pale Magamba, juu ya Lushoto, ilikuwa tupu. Wengine walikuwa kwenye chakula cha mchana, na yeye ndiye fundi wa kompyuta, funguo zote anazo. Akaikuta taa ya modemu ya intaneti inachezacheza. Sasa inachezea nini, na watu hawapo? Alisimama na kofia mkononi akaitazama dakika nzima. Kitu kilikuwa kinatoka humo ndani kwenda nje, tena mfululizo.

Ukweli usemwe, ofisi ile ilikuwa na cha kuibiwa. Mwaka huo wa 2007 kila mwenye suti alikuwa mwekezaji, na Jumatatu serikali ilikuwa ikae mezani na wageni kuzungumzia bauksiti ya milimani, madini ya kutengenezea alumini. Ramani za wapi ipo na kiasi gani zilikuwa kwenye kompyuta sita za ofisi, na mlinzi wake Idrisa.

Akampigia Khalfani, mtaalamu wa usalama wa mitandao aliyeko Dar es Salaam. Khalfani akamwambia azime kompyuta moja moja huku akiangalia taa. Idrisa akaanza na ya mhasibu, maana mhasibu kwa michezo ya karata hajambo. Taa ikaendelea. Akazima ya mkuu wake, Bwana Nikodemo, kisha nyingine tatu. Wapi! Ikabaki yake mwenyewe. Alipoizima, taa ikatulia.

"Ni yangu," akasema.

Khalfani akamtaka aondoe kwanza waya wa mtandao, kisha aiwashe. Wakatafuta pamoja, Khalfani akimwelekeza kwa simu, mpaka wakaipata programu iliyojificha, yenye jina la kawaida kabisa. Iliingia mwezi wa nne, tarehe ishirini na tatu.

"Siku hiyo ulifungua nini?"

Idrisa hakuhitaji kukumbuka. Siku tatu kabla, mama yake alifariki kijijini Mtae. Masika yalikuwa yamekata barabara, mama akazikwa siku ile ile kama inavyopasa, na yeye, mtoto wake wa pekee, hakuwepo. Bwana Nikodemo alituma tangazo la msiba kwa barua pepe kwa wakuu wa ofisi zote, akampa mkono, kazi ikaendelea. Matanga yalikuwa Mtae. Magamba hakuna aliyekuja kukaa naye. Barabara ilipofunguka, watu walikuwa wameshatawanyika.

Basi siku ile ya tatu ikaja barua ya Dina. Dina ni binti wa kijiji cha Gare aliyesoma naye chuoni, sasa anafanya kazi makao makuu. Aliambatanisha faili, akasema humo mna salamu za pole za wenzao wa darasa. Idrisa ndiye aliyebandika ukutani onyo kwamba faili usilolitarajia halifunguliwi. Lakini mtu wa milimani haiachi pole ya msiba mlangoni. Huo ni ujeuri ambao ungesemwa na ukoo mzima. Alifungua, akasoma, akalia peke yake.

Tangu hapo Dina aliandika kila wiki. Aliuliza mama alipenda kupika nini, amelazwa upande gani wa mlima. Idrisa alijibu kwa kirefu. Kwa miezi minne hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye habari za mama yake. Yote hayo akamsimulia Khalfani.

"Sikiliza," Khalfani akasema. "Hii si kazi ya vijana wa mjini. Hii imetengenezwa na serikali ya nchi nyingine kwa ajili ya ofisi yako. Tangazo lenu la msiba wamelisoma. Ramani zimekwenda, na wizarani nawaambia sasa hivi wasikae mezani Jumatatu. Huyo Dina anaandikaje?"

"Vizuri," Idrisa akasema, na palepale akajishtukia. Dina hamalizi sentensi mbili bila kuchomeka Kishambaa cha kwao milimani. Barua zote hazikuwa na hata neno moja. Aliliona hilo tangu mwanzo, akajidanganya kwamba ni adabu za makao makuu.

"Mpigie simu, usimwandikie. Labda kaandika kweli, wao wakapenyeza faili lao tu. Lazima tujue."

Idrisa akaling'ang'ania hilo "labda". Aone haya asione, alikuwa haombi tena habari za ramani. Alikuwa anaomba Dina awe ameandika.

Simu ikaita mara tatu. Dina akapokea, akamsalimu kwa Kishambaa, huku akicheka.

"Umetutupa, Idrisa. Mwaka wa ngapi huu?"

"Kazi tu," akasema Idrisa. Alikuwa ameshajua, lakini akangoja.

"Na mama je? Mama hajambo huko Mtae?"

Hapo angemwambia. Dina angesikitika kweli, angempa pole kwa sauti ya mtu. Lakini pole hiyo Idrisa alishaipokea, akaishukuru, akamwaga moyo wote kwenye barua kumi na nane, kwa mwizi. Hakuwa na nguvu ya kuuanza msiba upya.

"Hajambo," akasema. "Anakusalimu sana."