Gogo Lililolala Topeni

Mchana ule moyo wangu ulichoka kuliko mwili. Nilijiegemeza ukutani barazani, ungo wa maharage mapajani, usingizi ukanichukua. Asubuhi mwanangu mdogo, Elisante, alikuwa amempelekea kaka yake Ndetaulwa jani la isale kumwomba radhi, maana alijifungulia maji ya mfereji siku ya zamu ya kaka yake, na miche ya kahawa ya mwenzake ikakauka. Kwetu Uchagani ukiletewa isale unasamehe, hata kama bado unaumia. Ndetaulwa aliliruka jani, akaenda zake. Elisante akaja kwangu kufunga mizigo, aondoke na basi la jioni, asirudi tena.

Basi nikaota niko katika nchi ya majivu yaliyolowa. Magogo yalilala kila upande, nusu yamezama, na maji yalipita kati yao polepole bila sauti. Mama mmoja mwenye mikono ya kazi alinishika nisiteleze, akanifuta tope miguuni kwa kanga yake. Aliitwa Huruma. Akaniongoza mpaka kwenye gogo lenye sura ya Ndetaulwa. Kando yake alichuchumaa fundi mwembamba, Kinyongo. Kila chembe ya mti iliyolegea aliitoa, akaweka mahali pake chembe ya jiwe iliyoletwa na maji, akifuata pete zilezile na mafundo yaleyale.

"Shikamoo mama," akasema kwa upole. "Mwanao simwibi. Tazama, hata gome ni lake."

"Mbona hasemi?"

"Aseme nini? Hapa mchwa hawamli, jua halimpasui. Haumii tena."

Niligonga gogo miguuni, pakalia kama jiwe. Niligonga tumboni, jiwe. Kifuani sauti ilikuwa nzito: bado mti. Na maji yalikuwa yanapanda.

"Mtoe!" nikamlilia Huruma.

"Palipokwisha kuwa jiwe hapageuki, dada," akanijibu. "Lakini kifua bado. Akitoka topeni jua litampasua, mchwa watamwonja, ataumia. Ila ataumia kama mti, na mti unaweza kuchipua. Sisi tuvute, kujisukuma ni kazi yake."

Tukavuta. Kucha zangu zilikatika. Kinyongo akacheka kidogo. "Bibi, huo mgongo utakusumbua kesho." Akachukua chembe nyingine, akaisogeza kifuani. Nikapiga kelele, nikaita jina la mwanangu.

Nikaamka. Nilikuwa nimefunikwa koti zito la kiume mpaka kidevuni, na Ndetaulwa amesimama mbele yangu na shati tupu, manyunyu yanamlowesha.

"Umeniita, mama? Nimepita kuchukua jembe langu tu."

Nililishika lile koti, bado lina joto lake, ndipo nikaelewa nilichoonyeshwa. Mtu hawi jiwe kwa siku moja, huwa kidogo kidogo, huku sisi wa nyumbani tukidhani ni yuleyule kwa sababu sura haijabadilika. Na mwanangu alikuwa hajaisha.

"Kifua chako bado ni mti, baba," nikamwambia.

"Unaota, mama."

Ndani tulisikia kamba ya mizigo ikivutwa. Ndetaulwa alitazama mlango, amekaza taya. Kisha akafoka:

"Wewe Elisante! Unamwacha mama alale kwenye baridi hivi, akili unazo kweli?"

Tangu kahawa ikauke hakuwahi kulitamka jina hilo. Kamba ikanyamaza.

"Nakuja, kaka," Elisante akaitikia.