Ushahidi wa Kinywa cha Pili

Mimi ni mkalimani wa mahakama, na sikoromi. Ndiyo maana nilipowafundisha wakalimani wapya neno la Kiingereza "corroborative", nilitoa mfano wa nyumbani kwangu.

"Ni sifa ya ushahidi unaoutia nguvu ushahidi mwingine," nikawaambia, "na lazima utoke kwa mtu mwingine. Mke wangu anadai nakoroma. Huyo ni shahidi mmoja."

"Na mama yake akisema hivyohivyo?" akauliza dada mmoja wa mstari wa mbele.

Swali lilinichefua, maana mama mkwe husema hivyohivyo kila Jumapili. "Mama mkwe kaambiwa na binti yake. Maji ni yaleyale, kata tu ndiyo tofauti. Hapo hakuna cha corroborative."

Karani wa mahakama, kaka wa mke wangu, alikuwa nyuma akipanga majalada. Akakohoa.

"Wewe ni wa kwao," nikamwahi.

"Shemeji, mimi sisemi kitu. Linasema jalada." Akafungua kesi ya juzi ya mbuzi, akasoma: "'Saa nane na robo mchana. Shahidi hasikiki. Mkalimani anakoroma. Shauri limeahirishwa.' Saini ya hakimu."

Yule dada akanyoosha mkono taratibu. "Mwalimu, na hiyo je?"

Nilikula kiapo cha kutafsiri ukweli. "Hiyo," nikasema, "ndiyo corroborative."

Niliporudi nyumbani nilikuta nakala imeshatundikwa ukutani, tena ina muhuri.